Jinsi ya kujenga reli ya treni ndogo nyumbani, kidogo kidogo, na treni itembee kila siku

Watu wengi wakianza hii hobi ya treni ndogo wanaanza na ramani kubwa, milima, daraja, stesheni tatu, alafu miezi inapita wana mbao tupu na boksi la mabehewa ambayo hata plastiki hayajavuliwa. Mi naona shida siyo uvivu. Shida ni kwamba wamepanga treni itembee siku kila kitu kikiisha, na kwenye hii hobi hakuna siku kila kitu kinaisha. Kwahiyo maelezo yote ya hapa chini yanafuata kanuni moja: jioni ukifika kwenye ubao wako, kabla hujashika gundi wala msumeno, endesha treni kwanza, kwenye reli yote uliyonayo hata ka ni nusu mita tu. Ikipita vizuri endelea na kazi ya leo. Ikikwama, basi mharibifu ni kazi ya jana, maana jana kabla ya kazi ilipita, unarekebisha hicho kimoja na huendi mbele mpaka kipone. Ukikusanya makosa ya wiki tatu ndo uje kujaribu, hapo utakuwa unatafuta tatizo moja ndani ya matatizo sita na kila moja linajificha nyuma ya mwenzake.

Tuanze na skeli, yani treni yako ni ndogo mara ngapi kuliko ya kweli, maana hapo watu wanabishana sana. Iliyoenea kuliko zote ni HO, yani 1:87, na nafasi kati ya reli na reli ni milimita 16.5. Ndogo yake inayopendwa ni N, 1:160, reli zake zimeachana milimita 9 tu. Waingereza wana yao, OO ya 1:76 ambayo inatembea kwenye reli zilezile za HO, ndo maana ukiitazama kwa mbele treni inaonekana pana na reli zimebanwa chini yake, na N yao ni 1:148. Kuna Z pia, 1:220, kampuni ya Märklin waliitoa mwaka 1972, hiyo inaingia kwenye mkoba lakini inataka macho na subira ya fundi saa. Ili upate picha, behewa la abiria la mita 20 kwenye HO linakuwa sentimita 23, kwenye N sentimita 12 na nusu, na mtu mzima kwenye HO ana urefu wa sentimita 2 hivi. Ka vidole vyako vinene au macho yameanza kuchoka chukua HO bila kufikiria mara mbili. Ka unachopenda ni treni ndefu inayokata mandhari, N itakupa hiyo kwenye chumba kilekile. Ukishachagua usichanganye, viungio vya mabehewa, magurudumu, nyumba, miti, kila kitu kinafuata skeli.

Sasa ramani. Picha iliyoko kichwani kwa kila mtu ni duara, treni inazunguka. Duara la HO linataka nusukipenyo cha sentimita 45.7 kwa uchache, ndo ile inchi 18 unayoiona kwenye maboksi, na mabehewa marefu ya abiria yanataka 61 au zaidi la sivyo yanagongana pembe na kusukumana nje ya reli. Ukiongeza nafasi ya pembeni ubao unapita mita moja kwa upana, na mkono wa mtu mzima unafika vizuri kama sentimita 75 tu, kwahiyo treni ikianguka upande wa ukutani itabidi upande juu ya meza. Alafu tuseme ukweli, treni inayozunguka tu unaizoea haraka, unaiangalia dakika tano unakumbuka una mambo mengine.

Kwa anayeanza mi nasema jenga ubao wa shantingi, yani wa kuhamisha na kupanga mabehewa badala ya kuzunguka. Kuna mpango mmoja umejaribiwa miaka mingi sana unaitwa Inglenook, wa Mwingereza Alan Wright, na una pointi mbili tu (pointi ndo pale reli inapogawanyika kuwa mbili). Unakuwa na reli tatu za kuegesha: moja ndefu inayobeba mabehewa matano, mbili fupi zinazobeba matatu matatu, na upande wa pili reli ya kuvutia inayotosha kichwa cha treni pamoja na mabehewa matatu. Basi. Unakuwa na mabehewa 8 jumla, unayaandikia vikaratasi, unachanganya, unachomoa vitano, na kazi yako ni kuyapanga hayo matano kwenye reli ndefu kwa mpangilio uleule uliochomoa, bila kuyagusa kwa mkono. Inaonekana mchezo wa watoto mpaka ujaribu. Kuchagua mabehewa 5 kati ya 8 kwa mpangilio kuna njia 6,720, yani hata ukicheza kila siku utamaliza miaka kabla hujazimaliza. Na kwa sababu urefu wa reli umebana kwa makusudi, behewa moja likizidi urefu mchezo unavunjika, kwahiyo usinakili vipimo vya mtu, panga mabehewa yako mwenyewe sakafuni na kichwa chako pembeni, pima kwa tepu, ongeza sentimita mbili tatu za kupumua. Kwa mabehewa ya HO ya saizi ya kawaida ubao unatoka kama mita 1 na nusu mpaka 1.8 kwa urefu, upana sentimita 30 unatosha kabisa. Kwa N ni kama mita moja, unaweza kuuweka juu ya kabati.

Kabla hujanunua reli hata kipande, printi picha za pointi kwa saizi halisi, kampuni ya reli ndogo ya Peco kwa mfano wanazitoa bure, uzikate uzibandike juu ya karatasi ndefu na uyapange mabehewa juu yake. Kaa nayo siku mbili tatu. Sogeza kwa mkono. Hapo ndo utagundua reli fupi ya nyuma mkono haufiki ukiweka jengo mbele, au kichwa chako ni kirefu kuliko ulivyodhani.

Ubao wenyewe

Plaiwudi ya milimita 9 au 12, chini yake fremu ya mbao na vipande vya kukatisha kila baada ya sentimita 40 hivi, gundi ya mbao pamoja na skrubu. Usitumie ubao uliopinda eti utanyooka ukifunga skrubu, hautanyooka, utapindisha fremu. Juu ya plaiwudi wengi wanaweka foamu ngumu ya milimita 25, ile ya mbao za kuzuia joto siyo ya godoro, faida yake ni kwamba unaweza kuchimba mtaro au mto kwenda chini. Ila ukishatumia foamu ujue gundi zenye viyeyushi vikali na rangi za kupuliza kwenye kopo zinaiyeyusha mbele ya macho yako, tumia gundi ya maji na rangi ya maji tu. Toboa matundu ya waya kwenye mbao za fremu sasa hivi kabla hujafunga kila kitu, baadae utakuwa umelala chini na drili usoni.

Weka pima maji kwa urefu na kwa upana. Kwenye ubao wa shantingi huu siyo urembo, behewa zuri lenye ekseli za chuma linabingirika lenyewe kwa mteremko mdogo sana na litakimbia kila ukiliachia. Kwa wale mtakaojenga mlima baadae, mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita ni sawa, 3 inaanza kuuma, zaidi ya hapo kichwa kimoja kitaanza kusota na mabehewa machache tu.

Kutandaza reli, hapa tulia

Kama kuna sehemu moja ya kazi nzima ambayo inafaa uipe muda mara mbili ya ulivyopanga ni hii, kwa sababu mandhari mbaya unaweza kuibomoa lakini reli mbaya unaishi nayo. Reli ya kukunja inakuja vipande vya kama sentimita 91. Utaona imeandikwa kodi 100 au kodi 83, hiyo (Code kwa Kiingereza) ni kimo cha chuma cha reli kwa elfu za inchi, 100 ni kama milimita 2 na nusu na 83 ni kama 2.1. Kodi 83 inapendeza zaidi kwa macho, 100 inavumilia zaidi magurudumu ya zamani yenye ukingo mrefu. Chagua moja utumie kote.

Kata reli kwa koleo lake maalum au msumeno mwembamba, na kila baada ya kukata piga tupa ncha, juu, ndani na chini, mpaka ukipitisha kucha haikwami. Kucha yako ni kipimo kizuri kuliko jicho, pitisha kwenye kila kiungo upande wa ndani wa reli ambako ukingo wa gurudumu unapita, ikikwaruza gurudumu nalo litakwaruza. Ingiza vibati vya kuungia kwa uangalifu, kosa linalojirudia kwa watu wengi ni reli moja kupanda juu ya kibati badala ya kuingia ndani yake, ukiangalia kwa juu huoni kitu, ila ukiinama jicho likawa usawa wa reli utaona kichuguu. Hilo la kuinama lifanye liwe tabia. Funga jicho moja, angalia reli kwa urefu wake wote ka unayelenga shabaha, kila kona ya ghafla na kila mbonyeo utauona.

Usiunge reli mbili kwenye kona kali bila kuzilehemu kwanza zikiwa zimenyooka, alafu ndo ukunje zote kwa pamoja, vinginevyo kiungo kinatoka na pembe. Kwenye sehemu zilizonyooka acha mwanya mdogo unene wa kadi ngumu kati ya reli na reli, maana mbao inavuta unyevu na kutanuka na kusinyaa, na reli isiyo na pa kwenda inanyanyuka. Viungo vya kwenye pointi usivilehemu kabisa, siku pointi ikifa unataka kuichomoa.

Na usigandishe kila kitu siku moja. Shika na pini za kusukuma kwanza, endesha behewa kwa mkono, sukuma kwa kidole kimoja, mbele na nyuma. Hata bila umeme hiyo inahesabika treni imetembea leo.

Umeme

Umeme wa ukutani uishie kwenye transfoma ya kiwandani iliyofungwa. Usiifungue, usijitengenezee, na ukiondoka kwenye chumba chomoa plagi. Kuanzia hapo kwenda kwenye reli ni volti ndogo, mifumo ya kawaida ya analogi inaishia volti 12 hivi, hapo unaweza kujifunza bila hofu.

Wazo la waya ni rahisi. Chini ya ubao unapitisha waya mbili nene urefu wote, hizo ndo waya kuu, na kutoka kwenye kila kipande cha reli unashusha waya mbili nyembamba fupi zinazoungana na waya kuu. Kwa ubao huu mdogo waya kuu ya milimita mraba 1.5 inatosha sana na za kushuka 0.5. Rangi mbili, usibadilishe katikati: nyekundu kwa reli ya nyuma, nyeusi kwa reli ya mbele, na andika kwenye fremu kwa kalamu. Watu wanasema vibati vya kuungia vinapitisha umeme, ndio vinapitisha, mpaka vilegee na kuingia vumbi, alafu treni inaanza kupunguza mwendo kwenye kona ya mwisho na hujui kwanini. Waya kwa kila kipande.

Kulehemu: pasha reli, siyo risasi. Paka fluksi (dawa ya kufanya risasi ishike) isiyo ya asidi, gusa reli upande wa nje na ncha yenye joto iliyosafishwa, weka risasi kwenye reli yenyewe, ikitiririka toa mara moja. Ukikaa sana mataruma ya plastiki yanayeyuka na reli inapoteza upana wake, weka kitambaa chenye maji au kibano cha chuma pande zote mbili kinyonye joto. Fungua dirisha maana ule moshi siyo wa kuvuta. Rahisi zaidi ni kulehemu waya kwenye reli kabla hujaitandaza, ukiwa umekaa kwenye kiti.

Analogi au dijitali? Kwenye analogi unaongoza umeme wa reli, ukiongeza volti treni zote zilizoko kwenye reli hiyo zinaongeza mwendo, ukigeuza nguzo za umeme (chanya na hasi) zinarudi nyuma. Kwenye DCC, ndo hiyo dijitali, reli ina umeme muda wote na amri zinapita humohumo kwenda kwa dikoda, kifaa kidogo cha kupokea amri kilicho ndani ya kila kichwa, kila kichwa na namba yake, kutoka kiwandani karibu zote huja na namba 3. Kiwango chenyewe kilipitishwa na NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa reli ndogo kilichoanza mwaka 1935, kutokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, ndo maana kifaa cha kampuni moja kinaongea na dikoda ya kampuni nyingine. Kwa ubao wenye kichwa kimoja analogi inatosha na sitaki mtu akudanganye kwamba haitoshi. Ila DCC ina raha yake kwenye shantingi, unaweza kwenda kwenye CV 2 (CV ni namba za mipangilio ndani ya dikoda) ukapanga kichwa kianze kutambaa polepole kwenye hatua ya kwanza kabisa, CV 3 na CV 4 zinaongeza uzito wa kuondoka na kusimama. Ukiwa nayo, fanya jaribio la sarafu: washa mfumo, laza sarafu juu ya reli zote mbili mahali popote, mfumo lazima ukate umeme papo hapo. Mahali ambapo haukati, waya zako hazitoshi, na siku treni ikianguka hapo shoti itaendelea kuchemsha mpaka kitu kiyeyuke.

Pointi zina kitu cha kuangalia, ile herufi V ya katikati ambapo reli zinakatana. Kwenye aina moja ni plastiki, haina umeme, ni rahisi kufunga lakini kichwa kifupi chenye magurudumu manne kinakufa juu yake. Aina nyingine ni chuma kizima chenye umeme, kichwa kinapita bila kusita, ila lazima V ibadilishwe nguzo pointi inapogeuka kwa swichi ndogo, na reli mbili za ndani zinazotoka kwenye V uweke vibati vya plastiki visivyopitisha umeme. Kwa shantingi ya polepole mi ningehangaika na hii ya pili tangu mwanzo. (Na ukiona umezama kwenye waya na swichi kuliko treni, hauko peke yako, klabu ya treni ndogo ya wanafunzi wa MIT iliyoanza 1946 ilizama hivohivo mpaka wakatoka humo watu wa kwanza kujiita hakas wa kompyuta.)

Sehemu moja tu ya tahadhari ya ramani: reli ikijizungusha na kurudi kujiunga yenyewe, reli ya kushoto inakutana na ya kulia, shoti. Inglenook haina hilo, ndo sababu nyingine ya kuipenda.

Mabehewa nayo yanahitaji daktari

Behewa jipya kutoka kwenye boksi siyo lazima liwe zima. Tatu za kuangalia. Upana wa magurudumu, kuna kibati cha kupimia cha NMRA ambacho kwa maoni yangu ndo kifaa cha kwanza kununua, magurudumu yakiwa yamebanana au yameachana zaidi unashika ekseli unazungusha huku unavuta taratibu. Pili uzito: kwa HO pendekezo la NMRA ni aunsi 1 pamoja na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu, kwahiyo behewa la inchi 6, sentimita 15 hivi, linatakiwa kama gramu 113, na mengi yanakuja mepesi. Bandika nati au vipande vya chuma ndani, chini kabisa, katikati. Tatu ni urefu wa viungio kutoka juu ya reli, viwe sawa kwa mabehewa yote, kikishuka kimoja ndo kitakwama kwenye pointi. Na magurudumu ya plastiki ukiweza badilisha uweke ya chuma, ya plastiki yanakusanya uchafu mweusi na kuutandaza kwenye reli nzima.

Alafu mtihani wenyewe ni kusukuma, siyo kuvuta. Treni ikivutwa inajinyoosha yenyewe na kuficha makosa. Panga mabehewa matano uyasukume kwa kichwa kupita pointi zote mbili, polepole, njia zote. Behewa moja likianguka kila mahali, tatizo ni behewa. Mabehewa tofauti yakianguka mahali pamoja, tatizo ni reli. Likianguka behewa moja mahali pamoja tu, hapo una makosa mawili madogo yaliyokutana, anza na behewa maana ndo rahisi kulirekebisha.

Kuhusu mwendo: kilomita 60 kwa saa kwenye HO ni sentimita 19 kwa sekunde, lakini shantingi ya kweli ni mwendo wa mtu anayetembea, kama kilomita 5 kwa saa, ambayo inatoka sentimita 1.6 kwa sekunde. Pima na rula na saa ya simu. Utashangaa ulivyokuwa unakimbiza.

Jioni ya kawaida

Nusu saa inatosha. Dakika kumi za kwanza ni treni, chomoa vikaratasi ucheze mchezo mmoja wa Inglenook. Weka tepu ya karatasi na kalamu pembeni, popote behewa linapotikisika au kichwa kinapokonyeza taa bandika kipande cha tepu kwenye ubao sawa na hapo, usisimame kurekebisha, maliza mchezo. Alafu chagua tepu moja. Moja. Rekebisha, pitisha treni, bandua tepu. Siku isiyo na tepu ndo siku ya kujenga kitu kipya. Kwenye kidaftari andika ulichogusa leo kwa mstari mmoja, "nimepaka gundi pointi ya nyuma", "nimebadili magurudumu behewa la njano", kwa sababu baada ya wiki kumbukumbu inadanganya na ule mstari utakuambia kichwa kilianza kukwama lini.

Kazi chafu, gundi, plasta, rangi, ziwe za mwisho wa jioni ili zikauke usiku. Siku umechoka usilazimishe, endesha tu treni ulale. Hiyo pia ni siku.

Kokoto na mandhari

Usimwage kokoto mpaka reli ipite angalau wiki nzima bila tepu, maana kokoto ni saruji, baada yake kurekebisha reli ni kubomoa. Kwanza paka ubavu wa reli rangi ya kahawia ya kutu, futa juu ya reli kabla haijakauka. Alafu mwaga kokoto kavu kidogo kidogo katikati ya reli, sambaza kwa brashi laini mpaka vichwa vya mataruma vionekane, gonga reli kwa mpini wa brashi zile zilizobaki juu ziruke. Kwenye pointi weka chache mno na hakikisha hamna punje kwenye ndimi zinazosogea. Nyunyiza spiriti ya aisopropili iliyochanganywa na maji kwa chupa ya kupuliza, pulizia juu hewani ishuke kama ukungu, ukipuliza moja kwa moja unachimba shimo. Ikishalowa, dondosha gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo ili iingie isikae juu kama kidonge, tumia dropa au bomba la sindano. Futa juu ya reli, chezesha ndimi za pointi mara kadhaa wakati inakauka. Kesho yake itaonekana mbaya, nyeupe nyeupe, subiri.

Na kesho yake hiyo, treni kwanza. Hapa ndo utaona kanuni inalipa, maana kokoto moja iliyoganda kwenye pointi ukiikuta leo ni kazi ya sindano na dakika mbili.

Majengo anza na ya boksi la katoni, kata, kunja, simamisha, ishi nayo. Jengo la nyuma nusu unene linaficha ukuta, ghala mbele linaziba mkono, utajua kwa kucheza siyo kwa kukisia. Udongo ni rangi ya maji ya kahawia na juu yake udongo halisi uliochekechwa kwa soksi nyembamba, pitisha sumaku kwanza utoe chembe za chuma zisije kuingia kwenye mota. Kijani cha dukani karibu kila mara kinawaka sana, changanya rangi mbili tatu. Plastiki inayong'aa ya mabehewa unaizima kwa vanishi isiyong'aa na unga wa chaki laini za rangi uliosuguliwa kwa brashi, chini zaidi, juu kidogo. Ka umewahi kuona picha za Miniatur Wunderland ya Hamburg, yale maonyesho makubwa ya treni ndogo yaliyofunguliwa 2001, usizitumie kujihukumu, pale kuna timu nzima inayofanya hii ndo kazi.

Usafi

Futa reli kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye aisopropili kila treni inapoanza kukonyeza. Msasa hapana, mikwaruzo yake ndo inakuwa nyumba ya uchafu. Magurudumu ya kichwa: laza tishu yenye spiriti juu ya reli, weka magurudumu ya upande mmoja juu ya tishu na ya upande mwingine kwenye reli tupu yapate umeme, shika kichwa washa, yatajisafisha yenyewe, utaona mistari myeusi, kisha geuza. Mafuta tone dogo la ncha ya sindano, yale yanayoandikwa ni salama kwa plastiki, na ikiwa huna uhakika kama umeweka basi usiongeze. Ukimaliza funika ubao wote na shuka la plastiki, vumbi la nyumbani ni nyuzi za nguo na nywele, na zinajisokota kwenye ekseli.

Siku ukitaka kuongeza ubao wa pili, ile reli ya kuvutia ndo mlango wako, unaiendeleza iwe njia kuu. Funga mbao mbili kwa boliti na pini za chuma za kulenga kabla hujatandaza reli, pitisha reli moja kwa moja juu ya mpaka, lehemu ncha kwenye vichwa vya skrubu za shaba nyeupe ulizozifunga pande zote mbili za mpaka, na mwisho kabisa kata reli katikati kwa msumeno mwembamba. Ukikata kabla ya kulehemu hazitakutana tena.